Miezi Thelathini: Kujiandaa Kifedha Kabla ya Kupata Mtoto

  

Ndugu zangu katika imani, somo hili limezaliwa na swali. Baada ya darasa letu la Jumamosi hapa Kinanira, ndugu mmoja wa mwaka wa mwisho alibaki nyuma wakati wenzake wakikunja mikeka. Anaoa baada ya Ramadhani, inshaAllah, na mchumba wake bado anasoma. Alitaka kujua kama wakikubaliana kusubiri kidogo kabla ya mtoto ili wajipange, je, huo ni upungufu wa tawakkul? Kaka yake mkubwa, mfanyabiashara wa Buyenzi, amemwambia kwamba kila mtoto huja na riziki yake na kuhesabu pesa kabla ya mtoto ni kumdhania Mola vibaya. Mwenzake wa chumba amemwambia kinyume kabisa: asithubutu kuzaa mpaka awe na lupango lake, gari, na kazi katika shirika la kimataifa.

Siku ile nilimjibu kwa haraka kwa sababu bisi za mwisho zilikuwa zinaondoka. Leo najibu kwa utulivu, na kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye swali hili, najibu mbele yenu wote.

Kaka ameshika aya, lakini tuisome yote

Tuanze na kaka, kwa sababu ndiye aliye karibu zaidi na Kitabu. Mwenyezi Mungu amekataza mara mbili kuwaua watoto kwa sababu ya ufukara: katika Sura Al-An'am aya ya 151 na katika Sura Al-Israa aya ya 31. Wafasiri wameona jambo zuri katika tofauti ya aya hizi mbili. Ya kwanza inazungumza na mtu ambaye tayari ni fukara, na hapo riziki ya mzazi inatajwa kwanza, kisha ya mtoto. Ya pili inazungumza na mtu ambaye bado hajawa fukara ila anaogopa kuwa fukara kesho, na hapo riziki ya mtoto ndiyo inayotajwa kwanza, kana kwamba anaambiwa: huyu unayemuogopa, fungu lake lilikwisha kuandikwa kabla ya lako.

Basi kaka ana haki. Asiyeamini kwamba mtoto ana riziki yake ana tatizo la itikadi kabla ya kuwa na tatizo la pesa. Lakini angalieni aya hizi zinakataza nini. Zinakataza kuua. Hazikumwambia baba akae bila hesabu. Kitabu hicho hicho, katika Sura Al-Baqara aya ya 233, kinamwekea baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, kwa kiasi cha desturi njema, na kinasema nafsi haikalifishwi zaidi ya uwezo wake. Katika Sura At-Talaq aya ya 7 mwenye wasaa anaamrishwa kutoa kwa wasaa wake, na aliyebanwa atoe katika kile alichopewa. Riziki ni ahadi ya Mwenyezi Mungu, na nafaqa ni wajibu wa baba. Mtu akichukua ile ahadi na kuifanya kisingizio cha kuuacha ule wajibu, amechanganya mambo mawili. Na Mtume (s.a.w.) ameonya kwamba inatosha kuwa dhambi kwa mtu kuwapoteza wale anaowalisha.

Kuna Hadithi moja ambayo nashangaa haisomwi sana katika hotuba zetu za ndoa. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Umar (r.a.), katika mlango wa nafaqa, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiuza tende za mashamba ya Banu Nadhir na kuwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka mzima. Huyu ndiye bwana wa wenye kutawakali, na aliweka chakula cha mwaka. Mara nyingi kilikwisha kabla ya mwaka kwa sababu ya ukarimu wake, hilo linajulikana, lakini kukiweka alikiweka. Nabii Yusuf (a.s.) naye hakuwaambia watu wa Misri kwamba riziki itakuja. Aliwaambia walime miaka saba na waache nafaka katika mashuke yake.

Kwa hiyo kuhesabu si tabia ya wasioamini. Swali lililobaki ni: kuhesabu mpaka wapi? Hapa ndipo mwenzake wa chumba anapokosea.

Uwezo ni kiasi gani?

Hadithi ambayo kila kijana wa Kiislamu anaijua, ile ya Abdullah bin Mas'ud (r.a.) inayowaita vijana, inamtaka aoe yule mwenye uwezo, na asiyeweza afunge. Neno la Kiarabu ni al-baa'a. Imam Nawawi ameeleza kwamba wanavyuoni walilifasiri kwa njia mbili, uwezo wa mwili na uwezo wa gharama za ndoa, na kwamba kauli zote mbili zinarudi kwenye maana moja. Hakuna aliyesema uwezo ni lupango na gari. Katika Sura An-Nur aya mbili zimekaa jirani: ya 32 inaahidi kwamba wanaooa wakiwa mafukara Mwenyezi Mungu atawatajirisha kwa fadhila zake, na ya 33 inamtaka asiyepata njia ya kuoa ajizuie mpaka atajirishwe. Ukisoma ya kwanza peke yake utamfuata kaka, na ukisoma ya pili peke yake utamfuata mwenzake wa chumba.

Nimetafuta kipimo ambacho kijana wa Bujumbura anaweza kukishika mkononi, kisiwe cha kumtisha wala cha kumdanganya, na nimekiona katika Sura Al-Ahqaf aya ya 15. Hapo kubeba mimba na kumwachisha mtoto ziwa vimetajwa pamoja kuwa ni miezi 30. Kutokana na aya hii na ile ya Al-Baqara inayotaja miaka miwili ya kunyonya, Ali (r.a.) alitoa hukumu mashuhuri kwamba muda mfupi kabisa wa mimba ni miezi sita, kwa kuwa 30 ukitoa 24 inabaki 6. Kwa mimba ya kawaida ya miezi tisa hesabu yetu inafika 33, lakini mnanielewa.

Rai yangu, na ni rai tu, ni hii: anayejiandaa kwa mtoto asijaribu kuhesabu ada ya chuo kikuu ya mtu ambaye hajaumbwa. Ahesabu tangu mimba hadi mtoto kuacha ziwa. Kama anaona njia ya halali ya kuivuka miezi hiyo bila kuomba na bila riba, basi ana uwezo, na yaliyo mbele ya hapo amwachie Mola wake huku akiendelea kufanya kazi. Kama hata mwezi wa tatu hauoni, asijiite mwenye tawakkul.

Kipimo hiki kinakubaliana na wanavyosema waganga wa lishe, kwamba siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba mpaka miaka miwili, ndizo zinazojenga mwili na akili ya mtoto. Nchini kwetu jambo hili si la vitabuni tu. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2016-2017 ulikuta kwamba asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Zaidi ya nusu! Kudumaa kuna sababu nyingi, maji machafu na maradhi yakiwemo, lakini sahani ya mama mjamzito na anayenyonyesha ni mojawapo, na sahani hiyo, kwa mujibu wa aya ya 233, iko shingoni mwa baba.

Usiku wa kujifungua

Wazazi wetu wanakumbuka Burundi nyingine. Kabla ya Mei 2006 mama aliyefanyiwa upasuaji wa uzazi na kushindwa kulipa aliweza kuzuiliwa hospitalini wiki kadhaa na mtoto wake mkononi. Shirika la Human Rights Watch liliandika ripoti nzima juu ya wagonjwa waliozuiliwa hivyo, iliyotoka Septemba 2006. Kisha, tarehe 1 Mei 2006, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano na huduma za kujifungua zitakuwa bure katika vituo vya afya vya Leta. Hii ni neema, na imewaondolea watu wengi mzigo mkubwa. Vijana wengi wanaoa wakiitegemea, na si vibaya kuitegemea.

Lakini neno "bure" lina mipaka yake. Usafiri wa usiku si bure. Chakula cha mama na cha anayemlinda wodini si bure. Dawa ikikosekana stoo, utaandikiwa karatasi uende famasi. Na kliniki za watu binafsi zina bei zake.

Nitawasimulia yaliyonipata, si kwa fahari. Nilioa nikiwa bado nasoma, huku nikifundisha katika shule moja ya binafsi. Mwaka 2022 mke wangu alishikwa na uchungu saa nane za usiku, wiki tatu kabla ya tarehe tuliyopewa. Ulikuwa wakati wa foleni za mafuta, mnaukumbuka, na kupata teksi usiku ilikuwa kama kutafuta sindano gizani. Jirani alitusaidia kwa gari lililokuwa na mafuta ya kufika karibu tu, na karibu palikuwa na kliniki ya binafsi. Daktari akasema ni lazima upasuaji, na mapokezi wakasema ni lazima malipo ya awali: faranga 400,000.

Pesa sikuwa nazo. Si kwamba sikuwahi kuzipata. Miezi miwili kabla nilinunua salon, viti vile vya kitambaa chekundu, kwa sababu shemeji zangu walikuwa wanakuja kutembea na niliona aibu kuwakalisha kwenye mkeka. Nyingine ilikuwa kwenye kirimba cha walimu, na zamu yangu ilikuwa bado. Saa tisa za usiku mtu pekee niliyemjua mwenye pesa taslimu alikuwa mmoja wa wale tunaowaita kwa utani Banque Lambert. Mnajua kwamba hiyo si benki, ni mtu na daftari lake. Alinipa 400,000 na masharti: kila mwezi nimlipe 120,000 za ziada mpaka siku nitakayorudisha zile 400,000 kwa mkupuo. Nikamwachia kadi yangu ya benki na namba yake ya siri.

Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillah. Alipofikisha miezi mitano nilikuwa nimelipa 600,000, na deni la mwanzo lilikuwa limekaa pale pale halijapungua hata faranga moja. Zaidi ya nusu ya mshahara ilikuwa ikienda huko. Mama anayenyonyesha alikuwa anakula bugali na lengalenga siku sita kwa wiki, na ndagala siku ya saba. Maziwa yalipungua. Nilikuwa nikisimama kwenye swala huku najua kwamba nimeingia katika jambo ambalo aya za mwisho za Sura Al-Baqara zimelitangazia vita. Waliotutoa ni wazee wawili wa msikitini walionikopesha bila ziada, nikawalipa kidogo kidogo kwa miezi kumi. Wanavyuoni wana maelezo yao juu ya dharura na riba, na sitaki kujihukumia mwenyewe. Ninachojua ni kwamba dharura yangu niliitengeneza mwenyewe miezi miwili kabla, dukani kwa fundi wa viti.

Kwa hiyo pesa ya kwanza kabisa ya maandalizi naiita akiba ya usiku mmoja. Ni kiasi kinachotosha teksi ya usiku, malipo ya awali katika kliniki iliyo karibu na kwenu, na dawa za siku ya kwanza. Msikisie. Nendeni mkaulize bei kabla mimba haijaingia: kituo cha Leta kilicho karibu kinafanya upasuaji au kinatuma wagonjwa kwingine? Kliniki ya jirani inataka kiasi gani mbele? Akiba hii ikishatimia haiguswi, si kwa shemeji, si kwa sikukuu. Mkiwa na bima ya kazini, iwe ya Mutuelle de la Fonction Publique kwa wa Leta au nyingine, someni masharti yake mapema, hasa muda wa kungoja kabla haijaanza kulipia uzazi.

Na karatasi nazo ni fedha. Sheria ya nchi inatambua ndoa iliyoandikwa kwa ofisa wa Leta, na umri ni miaka 21 kwa mwanamume na 18 kwa mwanamke. Nikahi ya msikitini bila ya komine huwaletea wazazi usumbufu siku ya kumwandikisha mtoto, na mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hupata tabu kwenye huduma hizo za bure na baadaye shuleni.

Akiba ikae wapi?

Godoro si mahali pa kuweka akiba. Juni 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilitangaza kwamba noti za 5,000 na 10,000 za toleo la 2018 zinaondolewa, na watu wakapewa siku kumi tu kuzirudisha benki. Mwezi mmoja kabla ya hapo faranga ilikuwa imeshushwa thamani, dola moja ikatoka takriban 2,100 kwa bei rasmi hadi zaidi ya 2,800. Aliyeweka pesa ndani ya mto alipata hasara mara mbili.

Wala si vizuri yote kuwekwa kwenye biashara moja. Wafanyabiashara wa soko kuu la Bujumbura walilala usiku wakiwa na mitaji, na asubuhi ya tarehe 27 Januari 2013 moto ukaiteketeza mingi, na wengi wao walikuwa na madeni ya benki juu yake.

Mimi nasema zigawanyeni. Akiba ya usiku mmoja ikae mahali pa kuitoa saa yoyote, kwenye simu au kwenye akaunti isiyo ya riba. Kirimba ni kizuri kama ni kile cha kuzunguka, kila mmoja anatoa sawa na kupokea sawa, kwa kuwa huko ni kukopeshana bila ziada. Lakini pangeni zamu ya anayetarajia mtoto iwe kabla ya mwezi wake wa saba, jambo ambalo sisi walimu hatukulifikiria. Vikundi vya kuweka na kukopa, vile vya sanduku na funguo tatu, vimewasaidia wengi nchini, ila vingi vinatoza riba kwa wanaokopa na kuigawa mwisho wa mwaka. Muulizeni sheikh wenu kabla ya kuingia, au muanzishe chenu wenyewe kisicho na ziada.

Sehemu nyingine iwekeni katika chakula, kwa kufuata ile Hadithi ya tende. Maharage hushuka bei baada ya mavuno ya Juni na Julai, na hupanda sana yanapokaribia kupandwa tena. Familia inayonunua gunia Julai, ikalikausha vizuri na kulihifadhi, inakula maharage yale yale ya jirani anayenunua kilo moja moja Novemba, ila kwa pesa pungufu. Hii si ile hodhi iliyokatazwa. Iliyokatazwa ni kuwafungia watu bidhaa ili bei ipande, na chakula cha nyumbani kwako hakimo humo.

(Na msisahau zaka. Akiba ikifika nisabu na kuzungukiwa na mwaka, ina haki ya mafukara hata kama umeipa jina la mtoto.)

Harusi, mahari, na mfuko wa mke

Hapa nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Tunakusanya kamati ya harusi miezi mitatu, tunachangisha kila jamaa, tunakodi ukumbi, magari na kamera, kisha siku ya pili bwana harusi anakopa pesa ya mkaa. Miezi kumi baadaye mtoto amefika. Walima ni Sunna, na Mtume (s.a.w.) alimtaka Abdurrahman bin Auf afanye walau kwa kondoo mmoja. Kwa nini kamati isiambiwe mapema kwamba theluthi ya michango itabaki kwa maharusi? Nimeona kamati moja tu iliyokubali, na watu walinung'unika wiki mbili, kisha wakasahau.

Akika nayo ieleweke. Ni Sunna iliyosisitizwa kwa mwenye uwezo, mbuzi au kondoo wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike, na imepokewa pia kwamba Hasan na Husein walichinjiwa kondoo mmoja mmoja. Kukopa kwa riba ili uchinje akika ni kumkaribisha mtoto duniani kwa haramu.

Mahari ni ya mke. Si mtaji wa nyumba, si akiba ya mtoto, mpaka yeye mwenyewe atoe kwa ridhaa ya nafsi, kama ilivyo katika Sura An-Nisaa aya ya 4. Hali kadhalika mshahara wake. Dada mmoja aliniuliza: "Ustadhi, mbona katika hesabu zenu mnaanza na mishahara miwili?" Alisema kweli. Kisheria hesabu inaanza na mfuko wa mume. Mke akichangia, anatoa sadaka, na katika hili tuna kisa kizuri: Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud, aliuliza kama inafaa sadaka yake aitoe kwa mumewe na mayatima anaowalea, na Mtume (s.a.w.) akajibu kwamba ana ujira mara mbili, wa ujamaa na wa sadaka. Tazameni, huyo Ibn Mas'ud ni yule yule aliyetupokelea Hadithi ya uwezo wa kuoa. Alikuwa mtu wa mali kidogo, na nyumba yake ilisimama kwa msaada wa mkewe.

Lakini mkipanga kutegemea pato la mke, hesabuni pia miezi ambayo halitakuwapo. Mwenye kibanda sokoni Ruvumera halipwi likizo ya uzazi. Na mwanafunzi anayejifungua katikati ya mitihani huenda akarudia mwaka, na mwaka wa kurudia una kodi, bisi na chakula chake. Wale walio chini ya mkopo wa masomo ulioshika nafasi ya bursi ya zamani wakumbuke kwamba ni deni, na deni linaandikwa kwenye daftari la nyumba pamoja na mengine.

Jambo jingine ni wadogo zetu. Wengi wetu ni watoto wa kwanza kupata diploma katika ukoo, na mshahara wa kwanza una wenyewe kabla haujatoka: ada ya mdogo, dawa ya baba, bati la nyumba huko Rumonge. Mtume (s.a.w.) amepanga safu: nafsi yako, kisha ahli zako, kisha jamaa. Waambieni wazee kabla ya harusi, kwa adabu, kwamba mchango utapungua kwa muda fulani, na mtaje kiasi kitakachobaki. Mzazi aliyeambiwa mapema huomba dua. Aliyekuta pesa zimekatika ghafla humlaumu mkaza mwana.

Na kusubiri je?

Narudi kwa ndugu yetu na swali lake. Jabir (r.a.) amesema kwamba masahaba walikuwa wakifanya azl wakati Qur'ani inateremka, na hawakukatazwa. Jamhuri ya wanavyuoni wameijuzisha kwa ridhaa ya mke, kwa kuwa mtoto na starehe ni haki yake pia. Imam Ghazali, katika Ihyaa, alipozihesabu nia za wanaofanya azl alitaja waziwazi anayeogopa tabu nyingi kwa wingi wa watoto na kuingia katika njia mbaya za uchumi, akasema hilo halikukatazwa, kwa sababu uchache wa tabu humsaidia mtu katika dini yake. Hata hivyo hakuficha kwamba ukamilifu na fadhila viko katika kutawakali. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwezi Desemba 1988, liliruhusu wanandoa kuahirisha au kupanga nafasi kwa muda, wakiwa na haja inayokubalika, wakashauriana na kuridhiana, na njia isiwe na madhara. Liliharamisha kukata uzazi moja kwa moja bila dharura.

Basi wakiridhiana kusubiri mwaka mmoja ili amalize masomo, si dhambi wala si upungufu wa imani. Ila waingie wakijua kwamba hesabu inaweza kushindwa. Mimba ikija kabla ya akiba, mlango mmoja umefungwa: roho haitolewi kwa sababu ya faranga. Hapo aya ya Al-Israa inakuwa yao, na kaka wa Buyenzi ndiye atakayekuwa na neno la kuwaambia.

Nilipompigia simu kumsomea haya, aliniambia ameshaenda na mchumba wake kuuliza bei katika kliniki mbili, na kwamba mchumba ndiye aliyeandika kwenye daftari. Viti bado hawajanunua.

Maswali ya darasa lijalo

1. Katika kartie unayoishi, kituo gani cha afya kinapokea wazazi usiku, na kufika huko kwa teksi ni kiasi gani? Uliza, usikisie.

2. Jumuiya yetu inaweza kuanzisha mfuko wa mkopo mwema kwa wanafunzi walio katika ndoa? Nani atashika daftari, na nani atashika ufunguo?